Re: Boksa gani haichubui mapaja?

Mkuu, kama unachubuka mapajani ukikimbia au kupanda mlima basi mchawi wako ni pamba, inanyonya jasho inabaki mbichi halafu inasugua kama msasa. Tafuta boksa ya polista au nailoni yenye spandeksi (uzi unaovutika) kidogo, ya kubana, na mguu ushuke mpaka chini ya pale mapaja yanapogusana, maana ikiwa fupi inapanda tu we kazi yako kuivuta njia nzima (na watu wanakuona). Igeuze ndani nje ucheki mishono, iwe bapa, lebo iwe ya kuchapwa sio ya kushonwa. Lastiki ikiacha alama kiunoni, ongeza saizi. Umbali mrefu paka vaselini kabla hujatoka. Ila kama ushachubuka, osha, kausha, pumzika kwanza mpaka papone.