Usikate kuti kabla hujatazama kitako chake

Ninyi mnaoanza kusomea mimea mwaka huu mtakutana na Phoenix paludosa, mtende wa mikoko, unaoota kuanzia India na Bangladesh hadi Vietnam na Sumatra. Kule Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko wa India na Bangladesh, wanauita hental. Kwa kuwa Uganda haina bahari, wengi hukariri jina hilo wakapita. Naomba msipite. Ndugu yake tunaye: mkindu, Phoenix reclinata, ule ule unaowapa kina mama wa Buganda ukindu wa kusuka mikeka. Nendeni kwenye vinamasi vya kandokando ya Ziwa Victoria mkaushike kwa mikono yenu.

Anzeni na mkunjo wa vijani, yaani vipande vyembamba vinavyounda kuti. Kijani cha mkindu kimekunjwa kama mtumbwi: ukikidondoshea maji, yanatulia ndani. Cha mwale, yaani rafia, kimekunjwa kama paa la nyumba, maji yanateremka pande zote mbili. Hental nayo ni mtumbwi. Nipa, mti mwingine wa jamii ya mitende wa kwenye mikoko, ambao shina lake hulala topeni, ni paa. Kisha shukeni kwenye kitako cha kuti: kwa mitende yote ya Phoenix, vijani vya chini vimegeuka miiba mirefu, migumu.

Kitako hicho ndicho nilichokiacha. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya kukusanya sampuli za mimea nilirudi na ncha ya kuti peke yake. Ilipokauka ikajikunja, mkunjo haukusomeka tena, nikaandika kwenye lebo kwamba ni mwale. Miezi kadhaa baadaye mwenzangu alifika pale pale akakuta kichaka cha mkindu. Iliniuma sana, maana mwanafunzi mmoja alikuwa ameshaitumia lebo ile katika kazi yake.

Kwa hiyo chukueni ncha, katikati na kitako, na mkunjo uandikeni kwenye daftari kuti likiwa bado bichi. Andikeni pia rangi ya upande wa chini, kwa sababu wa hental ni wa kijivu cheupe. Kama kuna maua au matunda, tafuteni na mti wa pili: mkindu dume na jike ni miti tofauti.

Vaeni glavu za ngozi, na kisu kiwe kikali. Ncha za miiba ile hukatikia ndani ya nyama, na maji ya kinamasi si mahali pa kuingia na kidonda kibichi.