Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi Asiyeimba Wimbo wa Taifa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari ya serikali. Tunao wanafunzi wawili wa kidato cha pili ambao kila asubuhi husimama mstarini wima na kimya, lakini hawaimbi wimbo wa taifa kwa maelezo kwamba imani yao hairuhusu. Baadhi ya wajumbe wa bodi ya shule wanataka wafukuzwe, wakihofia kwamba wenzao watawaiga. Je, tunayo mamlaka hayo?
Mwalimu, Iringa

JIBU: Mwalimu, ushauri wangu ni kwamba bodi isiwafukuze wala isiwasimamishe masomo, na nasema hivyo kwa sababu jambo hili limekwisha kufika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania na kutolewa uamuzi. Mwaka 2007 wanafunzi watano wa shule moja ya sekondari wilayani Mbozi, ambao ni Mashahidi wa Yehova, walifukuzwa kwa kutoimba wimbo wa taifa, na wengine wengi wakaadhibiwa kwa sababu hiyo hiyo. Mahakama Kuu haikuwapa ushindi. Wakakata rufaa, mmoja wao pamoja na wenzake 126, na Julai 2013 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba walikuwa na haki ya kutoshiriki. Fikiria ni miaka mingapi ya ujana ilipotea kati ya adhabu ile na uamuzi huo; mtoto aliyefukuzwa akiwa kidato cha pili alikuwa mtu mzima haki yake ilipotambuliwa. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi katika kesi ile, na ndilo ningependa bodi yenu ilitafakari kabla ya kupiga kura.

Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa mtu kuamini na kuchagua katika mambo ya dini. Wapo wanaosema kwamba wimbo wa taifa si ibada, kwa hiyo dini haiingii hapa. Tuyasome maneno yake: “Mungu ibariki Afrika” ni dua, inayomwomba Mwenyezi Mungu abariki bara, viongozi na watu wake. Wengi wetu tunaiomba dua hiyo kwa moyo mweupe, nami ni mmojawapo, lakini dua haiwezi kuwa dua kwa kulazimishwa, wala serikali haina njia ya kujua ni imani ipi inaguswa na ipi haiguswi isipokuwa kwa kumsikiliza mwenye imani hiyo.

Kisa cha India kinafanana sana na chenu. Julai 1985, katika jimbo la Kerala, watoto watatu wa familia moja walifukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa, ingawa siku zote walisimama kwa heshima wenzao walipokuwa wakiimba. Uchunguzi uliofanywa ulionyesha kwamba walikuwa watiifu na hawakuudharau wimbo ule. Agosti 1986 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikaagiza warudishwe darasani, ikieleza kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuimba, na kwamba anayesimama kimya hajavunja heshima ya taifa.

Mamlaka ya shule hayajaondolewa, Mwalimu. Mwanafunzi anayepiga kelele, anayewadhihaki wenzake au anayekwepa mstari anaweza kuadhibiwa kama mwingine yeyote, na shule inao wajibu wa kufundisha maana ya wimbo, bendera na nembo ya taifa, na kuvitungia maswali ya mtihani. Ama hofu ya kuigwa, naona bodi inawadharau wanafunzi wengine mia kadhaa kwa kudhani kwamba wanaimba kwa sababu tu hawajaona mtu aliyenyamaza. Waiteni wazazi, andikeni katika kumbukumbu za shule kwamba watoto hao watasimama kwa heshima bila kuimba, na mwalimu wa zamu aelezwe ili asiwachape.

SWALI: Sisi ni wakimbizi kutoka Kivu Kusini, tunaishi Texas na bado si raia. Mtoto wangu wa darasa la nne hutakiwa kila asubuhi kutamka kiapo cha utii kwa bendera ya Marekani na kingine kwa bendera ya jimbo. Anaogopa. Tukikataa, tutaharibu makaratasi yetu?
Mama wa watoto watatu, Houston

JIBU: Hapana, mama. Sheria ya Texas inaziagiza shule za umma ziwaongoze wanafunzi katika viapo hivyo viwili kila siku, ikifuatiwa na dakika moja ya ukimya, lakini sheria hiyo hiyo inaagiza kwamba mtoto aachwe iwapo mzazi ataomba kwa maandishi.

Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 8 dhidi ya 1, iliiruhusu shule ya Minersville, Pennsylvania, kuwafukuza watoto wawili wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuipigia bendera saluti. Baada ya uamuzi huo waumini wenzao walishambuliwa na makundi ya watu katika miji mingi, na huko Kennebunk, Maine, jengo lao la ibada lilichomwa moto. Tarehe 14 Juni 1943, katikati ya vita vikuu, mahakama ile ile ikajigeuza kwa majaji 6 dhidi ya 3 katika kesi iliyotoka West Virginia. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna kiongozi, mkubwa wala mdogo, mwenye uwezo wa kuamua raia waamini nini katika siasa, uzalendo au dini, wala wa kuwalazimisha wakiri kwa kinywa. Kwa kuwa hukumu hiyo ilisimama juu ya uhuru wa kusema, hulazimiki kutaja dini yoyote.

Kiapo cha shuleni si kiapo cha uraia. Mtoto akikitamka hapotezi utaifa wake, na akinyamaza makaratasi ya ukimbizi hayaguswi. Andika barua fupi yenye jina lake, darasa lake na tarehe, ukieleza kama unaomba aachwe katika kiapo kimoja au vyote viwili, kisha ubaki na nakala. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba shule ikupatie mkalimani, kwani hiyo nayo ni haki yako.