Baba aliingia msituni 1984, faili linasema 1986: anzeni na jina, nishani itafuata

Binti yangu, jambo sana. Umeandika kwamba mzee wako aliingia msituni na NRA, jeshi la Museveni hapa Uganda, mwaka 1984 lakini faili lake linasema 1986, kwamba jina lake la jeshini lina herufi tofauti na lile la kitambulisho cha taifa, na kwamba nishani ya Luweero hana mpaka leo. Umesema kila akitoka kuuliza hurudi nyumbani bila kusema neno. Unauliza muanzie wapi, na kama mmechelewa.

Hamjachelewa. Ila mmeanza na nishani, na nishani ndiyo huja mwisho kabisa. Mimi nilifanya vivyo hivyo nikapoteza miaka minne, kwa hiyo nivumilie nikusimulie.

Niliingia msituni 1983 nikiwa na miaka 14. Nilikuwa kadogo, yaani askari mtoto. Kama wengi wetu nilipewa jina la msituni, kwa sababu jina lako la kweli likijulikana, nyumbani kwenu ndiko kulikoteseka. Miaka yote ile hakuna aliyeniita kwa jina la ubatizo. Hata vyeo rasmi vya NRA vilitolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Kabla ya hapo mtu alijulikana kwa kamanda wake na mahali alipopigana.

Kampala ilipoanguka tarehe 26 Januari 1986, jeshi lilijaa watu wengi kwa muda mfupi. Wiki chache baadaye tukapangwa mstari mbele ya meza, karani akiandika. Nilimtajia jina la msituni kwa sababu ndilo nililozoea kuitikia. Umri nikasema 20 ilhali nilikuwa na 17, nikiogopa kurudishwa shule. Kuhusu lini nilijiunga, nilimwambia miaka mitatu iliyopita. Akaandika Machi 1986, kama alivyowaandikia wote waliokuwa kwenye mstari ule. Simwekei kinyongo. Alikuwa na kalamu moja na watu mia kadhaa, na sidhani alijua kwamba mstari ule mmoja wa wino ungenifuata mpaka nistaafu. Kuhusu herufi za jina la mzee wako, fikiria karani ambaye lugha yake haitofautishi l na r, anaandika jina la mtu wa Masindi au wa ng'ambo ya Nile kwa kulisikia tu. Mafaili yetu yamejaa majina ya namna hiyo.

Nilistaafu 2012 nikiwa sajini. Mwaka uliofuata nikaenda ofisi moja kuulizia nishani mbili, ile ya Luweero na ile ya Damu. Ya Luweero ni ya wapiganaji wa vita vya msituni vilivyoanza 1981. Ya Damu, jina lake linajieleza, ni ya waliojeruhiwa vitani. Nina chuma pajani tangu mapigano ya mto Katonga, Novemba 1985. Nilimwonyesha kijana wa dirishani kovu. Akalitazama kwa heshima, kisha akasema, "Afande, kovu halina tarehe. Faili lako linasema ulikuja baada ya vita kuisha."

Nilitoka pale nikakaa kwenye ukuta wa barabarani, nikashindwa hata kuita boda. Najua mzee wako anakaa kimya kwa nini. Hanyamazi kwa sababu ya kipande cha chuma cha kuning'iniza kifuani. Ameambiwa kwamba hakuwapo, na wale waliokuwa naye, ambao wangesema alikuwapo, wengi wamelala Luweero.

Baadaye nikarudi na barua saba. Zilitoka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), majirani na wazee wa kanisa, zote zikisema mimi ni mpiganaji wa kweli wa ukombozi. Zilikataliwa, na leo nakubali kwamba zilistahili kukataliwa. Barua sita kati ya hizo niliziandika mimi mwenyewe watu wakatia sahihi, maneno yakawa yaleyale. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kuthibitisha unaishi wapi na unajulikana kwa majina gani kijijini. Hawezi kuthibitisha ulikuwa wapi mwaka 1985 ikiwa yeye hakuwapo.

Kilichonifungulia njia ni mzee mmoja aliyekuwa karani wa batalioni yetu. Aliniuliza swali moja: "Umewahi kuliona faili lako?" Sikuwahi. Nilikuwa nikibishana na kitabu ambacho sijakisoma.

Kwa hiyo, mwanangu, barua yenu ya kwanza iwe ya kuomba nakala ya kilichomo katika faili. Msiombe kusahihishiwa kitu bado. Katiba, kifungu cha 41, inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile zinazogusa usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ombeni karatasi zinazomhusu yeye tu: fomu ya kuandikishwa, orodha ya kozi na uhamisho, vyeti vya hospitali, hati ya kuachishwa jeshi. Msiguse mambo ya operesheni, msije mkawapa sababu ya kukataa. Andikeni namba yake ya jeshi juu kabisa, ile inayoanza na RA, kwa maana majina hubadilika lakini namba haibadiliki. Na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa yenye tarehe. Bila muhuri, siku 21 hazina pa kuanzia.

Nilipopata nakala zangu nilizisoma usiku mzima. Fomu ya 1986 ilikuwa na makosa yaleyale. Lakini ndani ya faili hilohilo mlikuwamo fomu ya kozi ya mwaka 1989, niliyoijaza kwa mkono wangu na kamanda akaitia sahihi, nayo inasema nilijiunga 1983. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Karatasi ile ilinisaidia kuliko zile barua saba, kwa sababu sasa sikuwa mimi ninayebishana na jeshi. Faili lilikuwa linabishana lenyewe, na ofisi ikalazimika kuamua ni karatasi ipi inasema kweli. Tafuteni kitu kama hicho. Tazameni fomu za likizo, za kupandishwa cheo, za ndugu wa karibu, na ripoti za daktari wa jeshi.

Sasa jina. Hapa watu wengi huharibu. Wakili anaweza kuwashauri mzee abadilishe jina kisheria. Msikubali kabla ya kufikiri, maana hati ya kubadilisha jina inasema kuanzia leo mtu huyu ataitwa hivi, na ninyi mnataka kusema kwamba wenye majina haya mawili walikuwa mtu mmoja siku zote. Kinachofaa ni hati ya kiapo ya kuthibitisha majina, inayoapwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, ikitaja majina yote mawili, namba ya jeshi na namba ya kitambulisho. Ikiwa kosa liko upande wa kitambulisho (2014, wakati wa kuandikisha watu kwa wingi, majina mengi yaliandikwa kwa haraka), basi sahihisheni kwanza huko NIRA, ofisi ya vitambulisho vya taifa. Lakini chagueni upande mmoja. Nimemwona mwenzetu aliyesahihisha pande zote mbili kwa wakati mmoja, majina yakapishana tena.

Umri ulikuwa na shida yake. Faili lilinifanya mkubwa kwa miaka mitatu, ilhali kwenye kitambulisho nilikuwa nimesema ukweli. Kilichoniokoa ni daftari la ubatizo la parokia yetu na daftari la shule ya msingi linaloonyesha niliacha darasa la tano mwaka 1983. Kwa hiyo karatasi moja ilithibitisha umri, na nyingine ikathibitisha umri pamoja na mwaka nilioondoka nyumbani.

Tarehe ya kujiunga ndiyo kazi kubwa, na hapa nakuomba ukae na mzee taratibu, jioni kadhaa. Usimuulize "tarehe ngapi?" Wapiganaji hawakumbuki tarehe, wanakumbuka mapigano. Muulize: je, Masindi ilipopigwa ulikuwa umeingia? Hiyo ni Februari 1984. Je, tulipoichukua kambi ya Kabamba mwanzoni mwa mwaka ulikuwa wapi? Hiyo ni Januari 1985. Habari za majenerali akina Okello kumpindua Rais Obote zilikukuta wapi? Hiyo ni Julai 1985. Mkataba wa amani wa Nairobi ulipotiwa sahihi, Desemba 1985, ulikuwa upande gani wa mto Katonga? Andika anavyosema, pamoja na jina la kamanda wa sekisheni, wa platuni, nani alikuwa kushoto kwake, nani alimbeba alipoumia. Akisema "sikumbuki", andika hakumbuki. Maelezo yenye mapengo ya kweli huaminika kuliko yale yaliyojaa kila kitu.

Halafu tafuteni mashahidi wawili ambao mafaili yao wenyewe yako safi. Shahidi ambaye naye anapigania tarehe yake hatasaidia. Mmoja wa kwangu alikuwa kamanda wangu wa sekisheni. Nilimsihi asome kwanza maelezo yangu ndipo aandike yake. Akakataa, akasema ataandika anachokumbuka yeye. Alikosea mwezi na akakosea rangi ya shati langu, lakini alitaja jina langu la msituni na mahali nilipopigwa risasi. Afisa aliyelishughulikia faili aliniambia waziwazi kwamba zile tofauti ndogo ndizo zilizomfanya aamini.

Kwa majeraha, kama mzee anayo: daktari apige picha ya eksirei na aandike ripoti. Kisha nendeni kwenye hospitali aliyotibiwa mkaombe daftari la zamani la wagonjwa. Mimi lilinichukua safari tatu, mpaka mtawa mmoja mzee akafungua kabati la nyuma. Humo nikajikuta, kwa jina la msituni, kijana wa miaka 16, risasi pajani, Novemba 1985. Nilisimama pale nikalia mbele ya yule mtawa. Mstari ule uliunganisha jina, kovu na tarehe, vitu vitatu nilivyoambiwa haviunganiki.

Mkishakuwa na hayo, ndipo muandike barua ya kuomba masahihisho, fupi, ukurasa mmoja: kinachosomeka sasa, kinachopaswa kusomeka, na karatasi ipi inathibitisha. Tajeni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe. Wakikataa, waombeni sababu kwa maandishi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinamlinda mtu anayefika mbele ya afisa wa serikali atendewe haki, na kinamruhusu kwenda mahakamani. Ila angalieni: ombi la mahakama kupitia uamuzi wa ofisi hupaswa kufunguliwa ndani ya miezi mitatu. Wengi wetu huweka barua ya kukataliwa sandukuni mwaka mzima kwa huzuni, kisha mlango huo unakuwa umefungwa.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu. Kiinua mgongo na pensheni hutegemea muda wa utumishi na mshahara wa mwisho. Ombeni tarehe isahihishwe, kisha ombeni hesabu ipitiwe upya, kwa barua mbili tofauti. Atakayewaambia analijua faili lilipo na anataka kitu kidogo cha kulisukuma, mkimbieni. Karatasi moja ya kughushi ikiingia katika faili la mzee, hata zile za kweli zitatiliwa shaka.

Jambo jingine. Uliza vizuri kama mzee amewahi kujiandikisha kwenye orodha za raia waliosaidia vita, zile za akasiimo (shukrani ya serikali), au kama amependekezwa kwa nishani ya Nalubaale. Nalubaale ni heshima kubwa, lakini ni ya raia waliopinga udhalimu. Mtu aliyebeba bunduki akijiandikisha kama raia kwa kutafuta msaada, simlaumu, ila mkono wake mwenyewe utakuwa umeandika kwamba hakuwa mpiganaji. Kama ilitokea, elezeni ninyi kwanza katika maelezo yake, msisubiri waigundue.

Mapendekezo ya nishani hupitia kwenye kamati chini ya Sheria ya Heshima na Nishani za Taifa ya mwaka 2001, na majina hutangazwa kwa sikukuu kama Tarehe Sita (6 Februari) au Siku ya Mashujaa, tarehe 9 Juni. Jina langu na tarehe vilisahihishwa 2018. Nishani ya Luweero nilivishwa baadaye, mke wangu akiwa amekaa nyuma kwenye viti vya plastiki. Ile ya Damu bado naisubiri, na bado naandika kila mwaka mwezi wa Septemba.

Nimekwambia yote haya nikimfikiria rafiki yangu tuliyeingia naye siku moja. Faili lake lilikuwa na kosa lilelile, akafariki kabla hajaliona. Sasa namsaidia mjane wake, na kazi imekuwa ngumu mara mbili kwa sababu hakuna wa kumuuliza alikuwa kushoto kwa nani.

Kwa hiyo wiki hii kaa na mzee kwanza, hata kabla ya barua. Nakala za faili zikifika, rudi hapa uniambie karatasi ya kwanza ina tarehe gani na imetiwa sahihi wapi. Na mwambie mzee aandike jina la kamanda wake wa platuni wa 1984. Kama ni yule ninayemdhania, yuko hai, na najua kijiji anachoishi.