Samaki Sebuleni: Amonia, Fulu na Stima Inayopotea

Niligusia siku moja kwamba jioni huwa nazima televisheni na kukaa mbele ya tangi langu la samaki hapa Kisumu. Tangu hapo maswali hayajakatika. Haya ni saba kati yake.

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Nikifika nyumbani asubuhi mwili umechoka lakini usingizi hauji. Mwenzangu ananishauri ninunue tangi la samaki. Kweli linatuliza, au ni mambo ya wenye pesa? (Muuguzi, Kondele)

Linatuliza, dada. Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Plymouth na Exeter, Uingereza, walitoa matokeo ya utafiti walioufanya wakati tangi moja kubwa la maonyesho lilipokuwa likirudishiwa samaki kidogo kidogo. Waliolitazama walipungua mapigo ya moyo, na kadiri samaki walivyoongezeka ndivyo watu walivyokaa zaidi mbele ya kioo na kuondoka wakiwa wamechangamka.

Ila nikuonye: mwezi wa kwanza tangi linaleta wasiwasi kuliko linavyouondoa. Utaamka kuhesabu samaki. Ukivuka hapo, utafaidi. Taa ya tangi iwashwe saa nane kwa siku, na si lazima ziwe saa za watu wengine. Samaki hawajali zamu yako mradi ratiba isiyumbeyumbe. Panga taa ikutane nawe ukiingia, kaa nusu saa, kisha funga pazia ulale. Na usingizi ukikataa wiki baada ya wiki, muone daktari. Wewe muuguzi unajua hilo kuliko mimi.

Nilinunua samaki sita. Maji yalikuwa safi kiasi cha kunywa. Siku ya nne walikuwa wakihema juu juu, siku ya sita nikamtoa wa mwisho kwa kijiko. Muuzaji anasema niliwalisha vibaya. (Mwalimu, Kakamega)

Pole, mwalimu. Muuzaji amekupa robo ya ukweli akajiwekea iliyobaki, maana angekuambia yote usingenunua samaki siku ile.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua, na chakula kinachobaki kikioza huongeza nyingine. Mtoni inachukuliwa na maji. Kwenye kioo inabaki palepale, haina rangi, na inaua kabla pua yako haijaisikia. Ndiyo sababu maji yako yalimeta huku samaki wakiungua matamvua.

Anayeiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo, nawe unaipunguza kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Bakteria hawa hawaelei tu majini. Wanashika kwenye sifongo ya filta na kwenye kokoto, na huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Kwa hiyo jaza tangi, washa filta, dondosha chembe chache za chakula kila siku kana kwamba kuna samaki, kisha subiri. Jirani mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima akikukatia kipande cha sifongo yake chafu, amekupa zawadi kuliko samaki wenyewe. Baadaye ingiza samaki wawili watatu, si sita kwa mpigo.

Nami nilishalipia somo hili. Sifongo yangu ilikuwa imekuwa nyeusi, nikaipeleka bombani nikaisugua mpaka ikarudi rangi ya manjano kama ilivyotoka dukani. Nikajisifu. Kufikia siku ya tatu, kati ya samaki tisa nilikuwa na wawili. Klorini ile ya maji ya bomba inayotukinga na kipindupindu ndiyo iliyowamaliza bakteria wangu. Sasa naikamua ndani ya karai lenye maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, mara tatu nne tu, na inabaki ya kahawia. Iache iwe ya kahawia. Maji mapya ya bomba nayo yalale usiku mzima kwenye karai pana, klorini ipotee hewani.

Na kweli, punguza chakula: wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku.

Tangi langu liko Nakuru. Asubuhi samaki wamelala chini hawataki kula, mchana wanachangamka. Ni ugonjwa? (Baba wa watoto wawili, Nakuru)

Ni baridi, mzee. Sisi Kisumu tuko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, ninyi mko karibu 1,850. Gapi, wale visamaki vidogo vya rangi, na jamaa zake wa nchi za joto wanataka nyuzi 24 hadi 27, na usiku wa Nakuru hauwapi. Nunua hita yenye kidhibiti joto. Kwa tangi la lita 50, wati 50 zinatosha. Kama hutaki hita, fuga samaki wa dhahabu, wao baridi hiyo hawaijali, ila wanakua wakubwa na kuchafua sana, kwa hiyo uwe na tangi la kutosha.

Mtoto ameona samaki wa dhahabu kwenye bakuli la duara. Nimnunulie? (Mama, Busia)

Hapana. Bakuli linachafuka kwa siku moja na samaki huyo anaweza kupita sentimita 20. Mnunulie mtoto penseli za rangi amchore.

Kwa nini tununue samaki wa kigeni wakati ziwa lipo? Naweza kufuga ngege (tilapia) au fulu? (Kijana, Dunga)

Ngege mwachie sufuria. Anakua kupita tangi lako, anafukua kokoto na kutafuna mimea. Fulu ndiye swali zuri.

Sisi tuliokulia hapa tunamjua fulu kama kitoweo cha wasio na pesa, kisamaki cha miiba. Muweke nyuma ya kioo chenye mwanga umtazame. Dume akianza kutongoza, rangi inampanda mbavuni, buluu kwa wengine, nyekundu kwa wengine, na kwenye pezi la chini karibu na mkia ana vidoa vya manjano vinavyofanana na mayai. Jike hubeba mayai yake mdomoni, na kwa wiki mbili tatu hali kitu. Unamwona kidevu kimevimba, akijificha nyuma ya jiwe.

Aina za fulu katika Ziwa Victoria zilikuwa mamia. Mbuta, yaani sangara, aliyeingizwa miaka ya 1950, aliwafyeka katika miaka ya 1980, na maji yalipozidi kuwa na ukungu majike wakashindwa hata kutofautisha rangi za madume, aina zikachanganyikana. Ukifuga fulu, wape tangi la lita 150 au zaidi, mawe mengi ya kujificha, dume mmoja kwa majike kadhaa, kwani madume wawili watauana. Na jiandae kwa wageni watakaouliza mtawapika lini.

Stima hupotea hapa kwetu hata kwa muda wa saa sita. Na tokeni, je, hazitaniishia? (Mfanyabiashara, Bondo)

Tokeni zisikutishe. Filta ya wati 5 usiku na mchana na taa ya wati 10 kwa saa nane hutumia kama uniti 6 kwa mwezi. Hita ndiyo inayokula, na wewe wa Bondo huna haja nayo.

Stima ikipotea, samaki hafi njaa, anakosa hewa. Usiwalishe. Chota maji ya tangi kwa kikombe uyamwage tena kutoka juu, dakika chache kila nusu saa, au nunua pampu ya hewa ya betri. Ukiona hayo ni mateso, fuga samaki mpiganaji, dume mmoja peke yake, kwa sababu yeye hupanda juu kuvuta hewa yetu hii.

Gapi wangu wamezaana hadi sijui niwapeleke wapi. Niwaachilie mtoni? (Dada, Kisumu)

Tafadhali usithubutu. Gugumaji lililoziba ghuba yetu miaka ya 1990 lilitoka Amerika Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya ua lake zuri. Warudishe dukani, au watie kwenye tangi la maji la saruji hapo uani, wale viluwiluwi vya mbu, mradi maji yake hayatiririki kwenda mtoni. Kisha tenganisha madume, ambao ni wembamba wenye mikia ya rangi. Jike hata akibaki na wanawake wenzake ataendelea kuzaa miezi kadhaa, maana huhifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo usishangae.