Maswali Yenu: Kumpeleka Mtoto Uingereza Likizo ya Juni

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa familia zinazojiandaa kwenda kuwatembelea ndugu Uingereza. Tunaanza na ya msomaji mdogo kuliko wote.

Shikamooni. Nina miaka 10, naishi Moshi. Mwezi wa sita tunakwenda London kwa shangazi. Kaka anasema huko jua linazama saa tatu usiku. Ni kweli au ananidanganya?

Marahaba. Safari hii kaka yako kasema kweli. Mwishoni mwa Juni jua la London huzama kama saa tatu na dakika ishirini usiku, na huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Dunia imeinama kwa nyuzi 23.5, na mwezi huo upande wa kaskazini ndio unaolielekea jua. Moshi ipo karibu na ikweta, kwa hiyo saa ya machweo haibadiliki sana mwaka mzima.

Sehemu inayofuata msomee mama. Wakati huo London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Ikifika saa mbili usiku kule, mwili wa mtoto unahesabu saa nne na umechoka, ila macho yanaona mchana na hataki kulala. Saa kumi alfajiri ya kule mwili unahesabu saa kumi na mbili, na muda si mrefu mwanga unaingia dirishani. Analala kwa kuchelewa, anaamka mapema, na siku ya tatu kila kitu ni kilio. Watu huhangaika na usiku, lakini pazia la alfajiri ndilo lenye kazi kubwa zaidi. Kama ni jepesi, lifunikeni kwa kitenge kizito chenye rangi nyeusi au bandikeni mifuko myeusi ya taka kwenye kioo. Akiamka mapema abaki gizani hadi saa kumi na mbili. Siku mbili za mwanzo mtoeni nje jioni mpaka saa moja, kisha mapazia yafungwe na simu ziwekwe mbali.

Mwanangu wa miaka miwili, kilo 12, alilia vibaya sana ndege ilipokuwa inatua. Safari hii ana mafua. Nifanye nini? – Mama, Tanga

Dada, sikio la kati lina mrija mwembamba unaoliunganisha na nyuma ya pua. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu huwa nyepesi, kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, yaani Nairobi au juu zaidi. Ndege ikipanda, hewa ya sikioni hutoka yenyewe bila shida. Ikishuka, hewa inatakiwa kurudi ndani, na mrija wa mtoto, mfupi na mwembamba, hujifunga kwa urahisi. Ngoma ya sikio inavutwa kwa ndani, ndiyo maana maumivu huja wakati wa kutua. Mafua huuvimbisha mrija huo na kuongeza tatizo.

Ndege huanza kushuka yapata nusu saa kabla ya kutua. Hapo ndipo umwamshe, hata kama amelala usingizi mtamu, kwa sababu aliyelala humeza mate mara chache. Mkalishe wima, mpe ziwa, chupa au kikombe cha mrija, anywe kidogo kidogo mpaka magurudumu yaguse ardhi. Wengi hukosea kwa kumpa maziwa yote mapema, na saa ya kushuka mtoto ameshiba na chupa ni tupu. Peremende ngumu usimpe, zinaweza kumpalia. Mtoto mkubwa anaweza kuziba pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu.

Kwa mafua, weka matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kushuka. Parasetamo ya maji inaweza kutolewa saa moja kabla ya kutua: miligramu 15 kwa kila kilo, yaani 180 kwa mwanao. Ikiwa chupa imeandikwa 120 mg/5 ml, hiyo ni mililita 7.5. Soma chupa vizuri, kwa sababu kuna ya 250 mg/5 ml pia, na kipimo hichohicho kitakuwa zaidi ya mara mbili. Dawa za kuzibua pua za watu wazima usimpe, wala ya mzio kwa ajili ya kumlaza. Sikio likiwa linatoa usaha, muone daktari kabla ya siku ya safari.

Nasafiri na binti yangu bila baba yake, na majina yetu ya mwisho hayafanani. – Nakuru

Pasipoti peke yake haionyeshi kwamba wewe ni mama yake. Beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya baba: tarehe za safari, anwani mtakayofikia, simu yake, sahihi iliyoshuhudiwa na wakili, na nakala ya kitambulisho chake. Viweke kwenye mkoba wa mkononi. Afisa anaweza kumuuliza mtoto mwenyewe yuko na nani na anakwenda kwa nani, basi ayajue majibu.

Mama mkwe anataka tuwapelekee samli na nyama kavu. – Zanzibar

Mwombeni radhi. Nyama na bidhaa za maziwa kutoka kwetu haziruhusiwi, samli ikiwemo. Maziwa ya unga ya mtoto yanapita hadi kilo 2 kwa mtu, yakiwa kwenye kopo la kiwandani lisilofunguliwa (au linalotumika) na yasiyohitaji friji.

Binamu atatupokea kwa gari lake. Mtoto ana miaka 6, sentimita 116. Nimpakate tu? – Baba, Dodoma

Hapana. Sheria ya kule inataka kiti cha mtoto mpaka afikishe miaka 12 au sentimita 135, kimojawapo kikitangulia. Mkanda wa mtu mzima humpita shingoni na tumboni, badala ya begani na nyonga. Binamu aazime kiti mapema. Kikikosekana, pandeni teksi, ambayo ina msamaha: mtoto wa miaka 3 na kuendelea hukaa nyuma na kufunga mkanda wa kawaida.

Akipata homa kule? – Mombasa

Jambo la kwanza kumwambia daktari, kabla hajauliza, ni kwamba mtoto ametoka eneo lenye malaria, na umwombe kipimo siku hiyohiyo. Kule homa ya mtoto huhesabiwa kuwa kirusi na mnarudishwa nyumbani. Malaria kali ya kwetu huchukua siku 7 au zaidi tangu mbu aume, kwa hiyo inaweza kuanza wiki ya pili au ya tatu ya likizo. Akilegea, akitapika kila kitu au akipata degedege, pigeni 999.