Jenereta ya milioni 15 au sola ya milioni 52: namna nilivyojifunza kuzilinganisha

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba kikundi chenu cha wakulima 14 wa vitunguu kimeshachimba kisima kirefu, na sasa mmegawanyika: wengine wanataka jenereta ya dizeli kwa sababu bei yake ni ndogo, wengine wanataka umeme wa jua kwa sababu muuzaji amewahakikishia kwamba mtambo huo utarudisha fedha zake ndani ya miaka mitano. Nimefanya kazi ya uhandisi wa maji vijijini kwa muda mrefu, na swali kama lenu nililikuta mkoani Singida, katika kijiji ambacho jumuiya yake ya watumia maji ilikuwa ikiomba mkopo. Nitaeleza hesabu ile ilivyokwenda, pamoja na makosa mawili niliyoyafanya, kwa kuwa makosa hayo yanaweza kukugharimu wewe pia.

Takwimu zetu zilikuwa hivi. Jenereta ilikuwa shilingi milioni 15, ingedumu miaka mitano, kisha ingeuzwa kwa milioni 2. Ingekunywa lita 8 za dizeli kwa siku, siku 300 kwa mwaka, na kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita hiyo ni milioni 7.2, tukiongeza oili, filta na fundi, gharama ya uendeshaji ilifika milioni 8.5 kila mwaka. Sola ilikuwa milioni 52, pamoja na tangi kubwa zaidi la kutunza maji ya usiku. Matunzo yake yalikuwa milioni 1.2 kwa mwaka, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha pampu) ya milioni 4 ingenunuliwa upya mwishoni mwa mwaka wa tano. Tulichagua kipindi cha miaka kumi ili jenereta mbili zilingane na sola moja, kwa sababu kulinganisha kitu cha miaka mitano na kitu cha miaka kumi bila kusawazisha muda si haki kwa upande wowote. Paneli kwa kawaida huishi zaidi ya miaka hiyo, lakini sikuipa sola thamani yoyote baada ya mwaka wa kumi, kwani sikutaka matumaini yangu yaingie ndani ya hesabu.

Pampu haikuwamo, kwa kuwa ilikuwa ileile kwa njia zote mbili. Kisima nacho hakikuwamo. Mzee mmoja wa kamati alisisitiza kwamba mamilioni yaliyotumika kuchimba ni lazima yahesabiwe, nami nikamjibu, "Mzee wangu, fedha ile imeshatoka, na hakuna uamuzi wa leo utakaoirudisha." Alikubali, ingawa haikumpendeza, na ninamwelewa, ni vigumu mtu kutenga machungu ya fedha iliyokwisha kutumika na uamuzi wa fedha ambayo bado imo mfukoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujumlisha tu. Kwa miaka kumi, dizeli ilitugharimu jumla ya milioni 111 na sola milioni 68, nami nikaandika kwenye taarifa kwamba sola ingeokoa milioni 43. Ofisa wa mikopo aliyeisoma aliniuliza swali moja: "Mhandisi, milioni hizi ni za mwaka gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechukua shilingi ya leo na shilingi ya mwaka wa kumi nikaziweka kwenye kikapu kimoja kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali jumuiya ingekopa kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kwa riba hiyo, shilingi milioni moja utakayoiokoa mwishoni mwa mwaka wa kumi ina thamani ya takriban shilingi 247,000 tu leo, kwa sababu mtu mwenye 247,000 leo akiziweka mahali panapozaa asilimia 15 atafikia milioni moja wakati huo. Nilipozirudisha gharama zote kwenye thamani ya sasa, dizeli ilikuwa milioni 63.6 na sola milioni 60.0. Akiba ya milioni 43 ilibaki milioni 3.6. Sola bado ilishinda, lakini kwa kiasi ambacho mabadiliko madogo ya bei yangeweza kukifuta.

Mbele ya kamati sikutumia thamani ya sasa, kwa sababu watu hawaishi kwa mkupuo wa miaka kumi; wanaishi kwa mwaka, na bei ya ndoo ya maji hupangwa kwa mwaka. Nilizigeuza hesabu zilezile kuwa gharama sawa ya kila mwaka, yaani kila gharama, ikiwemo bei ya kununulia, inagawanywa katika miaka pamoja na riba yake. Kwa asilimia 15, kila shilingi milioni moja unayowekeza kwa miaka mitano inadai takriban shilingi 298,000 kila mwaka, na kwa miaka kumi inadai takriban 199,000. Dizeli ikawa milioni 12.68 kwa mwaka, sola milioni 11.96. Hapo hata aliyekuwa ameshikilia kwamba milioni 15 ni chache kuliko 52 aliona kwamba bei ya dukani ni sehemu ndogo ya gharama ya jenereta. Jambo hili si geni katika uhandisi: katika karne ya 19 mhandisi wa reli wa Marekani, Arthur Wellington, alisisitiza kwamba njia rahisi kujenga, lakini yenye miinuko mikali, itaendelea kuitoza kampuni kwa kila treni itakayopita.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi kuligundua. Riba ya benki ya asilimia 15 imeshabeba ndani yake mfumuko wa bei, lakini mimi niliacha dizeli katika shilingi 3,000 kwa miaka yote kumi. Nilikuwa nimeipunguza thamani ya fedha za baadaye kwa sababu ya mfumuko, kisha nikakataa mfumuko huohuo usiiguse bei ya mafuta, na upendeleo huo uliiangukia dizeli. Ama unapandisha bei zote kwa kiwango cha mfumuko na kutumia riba ya benki ilivyo, ama unashikilia bei za leo na kutumia riba halisi, yaani riba ya benki baada ya kuondoa mfumuko. Tukichukua mfumuko wa asilimia 3, riba halisi hupatikana kwa kugawa 1.15 kwa 1.03, nayo ni takriban asilimia 11.65. Kwa kiwango hicho dizeli ilikuwa milioni 12.31 kwa mwaka na sola milioni 10.67, hivyo tofauti ilipanda kutoka laki saba na ushei hadi zaidi ya milioni 1.6. Wanaokagua maandiko ya miradi hulipita kosa hili mara nyingi, nami naliona ni baya kuliko kosa la kujumlisha, kwa sababu hesabu yake inaonekana safi.

Sasa nirejee kwa muuzaji wenu. Hakuwadanganya. Katika takwimu zetu, nyongeza ya mtaji wa sola ilikuwa milioni 37 na akiba ya uendeshaji ilikuwa milioni 7.3 kwa mwaka, kwa hiyo fedha ingerudi baada ya miaka mitano na ushei. Lakini kipindi cha kurejesha mtaji hakisemi chochote kuhusu riba mnayolipa wakati mnasubiri, wala kuhusu kinachotokea baada ya hapo. Kipimo chenye nguvu zaidi ni kiwango cha ndani cha marejesho, yaani riba ambayo kwayo akiba ya miaka yote inalingana kabisa na fedha iliyowekezwa, cha ile nyongeza ya milioni 37 peke yake, si cha mtambo mzima. Kwetu kilikuwa takriban asilimia 17.5, na kwa kuwa bei zilishikiliwa palepale, nililinganisha na riba halisi ya asilimia 11.65. Kama kikundi kingekuwa na mahali pengine pa kuweka fedha hiyo panapozalisha zaidi ya asilimia 17.5 baada ya kuondoa mfumuko, basi jenereta ingekuwa chaguo sahihi, hata kama sola inapendeza macho.

Hata hivyo, kilichoamua kwetu kilikuwa siku 300. Kijiji hunywa maji mwaka mzima. Vitunguu vyenu havinywi mwaka mzima. Kwa riba halisi niliyotaja, dizeli na sola zinakuwa sawa kwenye siku kama 232 za kusukuma maji kwa mwaka. Umeandika kwamba mnamwagilia takriban siku 120. Nikiweka siku hizo ndani ya takwimu zetu, mafuta yanashuka hadi milioni 2.88, dizeli inakuwa takriban milioni 8 kwa mwaka, na sola inabaki milioni 10.67 kwa sababu paneli hudai gharama yake hata siku ambazo hamzitumii. Tena jenereta inayofanya kazi siku chache itadumu zaidi ya miaka mitano, jambo linaloipunguzia gharama zaidi. Kwa matumizi hayo ningewashauri dizeli, kinyume kabisa na nilivyowashauri watu wa Singida, na kwa njia ileile ya kuhesabu.

Kabla hamjasaini, pimeni lita halisi kwa siku katika msimu wa kiangazi, ulizeni bei ya mafuta ya kijijini kwenu na si ya mjini, kisha rudieni hesabu kwa bei iliyopanda na iliyoshuka kwa asilimia 20. Ulizeni pia kama kuna majirani au shule itakayonunua maji katika zile siku 245 mnazoziacha. Maji ya ziada ya sola hayana gharama ya mafuta, na mkipata mnunuzi wa kuaminika atakayelipa zaidi ya milioni 2.7 kwa mwaka, hata baada ya kuondoa kile ambacho dizeli nayo ingebakiza kwa kumuuzia maji hayohayo, jibu langu litageuka.