Flipa zikilegea baada ya nusu saa: je, mashine ya Congo iuzwe chuma chakavu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mgahawa mdogo hapa Nzuguni, Dodoma. Marehemu mjomba aliniachia mashine ya pinboli, ule mchezo wa mpira wa chuma ndani ya meza yenye kioo, yenye mada ya filamu ya Congo, aliyoinunua Dar kwa Mmarekani aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Naiendesha kwa kile kiboksi cha kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110. Ikiwashwa asubuhi inacheza vizuri, lakini baada ya nusu saa flipa, vile vijimkono vya kuupigia mpira, zinalegea, mpira unapanda rampu, kile kijilima, hadi katikati halafu unarudi. Mdogo wangu alizitia mafuta ya cherehani, ikawa nafuu siku mbili, sasa ni mbaya kuliko mwanzo. Baba Tumaini anasema filamu yenyewe ilikuwa ya hovyo na mashine ni ya hovyo, tuiuze chuma chakavu tuweke meza ya pool. Tena jirani kaanza kuniuliza kama hilo ni dubwi. Nifanyeje? (Mama Tumaini, Nzuguni)

JIBU: Marahaba, Mama Tumaini. Pole kwa kufiwa na mjomba, na hongera kwa urithi, maana alichokuachia si chuma chakavu.

Nianze na shemeji, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Filamu ya Congo ilitoka 1995, ikaongozwa na Frank Marshall kutoka kwenye riwaya ya Michael Crichton ya 1980, na wahakiki waliichana. Iliteuliwa hata kwenye Razzie, zile tuzo za dhihaka za Marekani, katika kundi la filamu mbaya kuliko zote za mwaka. Hapo sibishani naye. Lakini waliotengeneza filamu sio waliotengeneza mashine. Mashine ni kazi ya Williams wa Chicago, kampuni iliyokuwa kileleni mwa ufundi huu, na bodi zilizomo ndani, zile zinazoitwa WPC-95, ni kizazi cha mwisho cha mfumo wake wa kompyuta wa WPC. Ndani ya kabati lako hakuna kitu cha hovyo isipokuwa hayo mafuta ya cherehani, na hayo nitayafikia.

Ilipata jina baya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo filamu. Ya pili ni wakati: ilitoka biashara ya pinboli ikiwa inateremka. Addams Family ya Bally, ya mwaka 1992, iliuzwa zaidi ya mashine 20,000. Congo hazikufika hata 2,500, na miaka minne baadaye, 1999, Williams wakafunga kabisa kitengo cha pinboli. Ndiyo maana watu wengi wanaoiponda hawajawahi kuicheza, au waliicheza mahali fulani ikiwa mgonjwa kama yako. Pinboli ambayo mpira haufiki juu haina mchezo. Kila kitu cha kupendeza kiko ng'ambo ya rampu, na wewe unabaki kulisha mpira kwenye shimo la katikati.

Mimi nimewahi kuhudumia mbili. Mwenye moja, iliyoko Dar, aliichukua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote kwenye ghala. Hakuwa na mpango nayo. Leo ukimtajia kuiuza anahamisha mazungumzo, anakuuliza habari za zabibu za Dodoma. Kinachowanasa wenye mashine hii ni yule gorila wa kijivu. Yuko kwenye kiuwanja kidogo chini ya uwanja mkubwa, ule ubao ambao mpira unachezea, unamwongoza kwa vitufe vilevile vya flipa, naye anapiga mpira kushoto na kulia kwa mikono yake. Mara ya kwanza kumwona akifanya kazi nilikuwa nimejikunja na tochi mdomoni, nikacheka hadi tochi ikadondoka. Halafu kuna ule mji uliopotea wanaoutafuta kwenye hadithi, Zinj. Neno hilo lina ujamaa na sisi: Waarabu wa zamani waliita pwani yetu nchi ya Zanj, na Zanzibar imetoka humohumo. Hollywood walilibeba wakalipeleka msituni Kongo, wakalifukia na almasi.

Sasa flipa.

Kila flipa inasukumwa na koili, yaani sumaku ya umeme inayovuta kipande cha chuma kwa ghafla. Koili hiyo ina nyaya za aina mbili zilizozungushwa pamoja: nene ya kupiga, yenye ukinzani wa takriban omu 4, na nyembamba ya kushikilia, yenye omu zaidi ya 100. Umeme wa koili kwenye kitabu umeandikwa volti 50, lakini ukiupima mashine ikiwa imetulia unakuta karibu 70. Gawanya 70 kwa 4: kwa hesabu ya karatasi ni zaidi ya ampea 17, kwa sehemu ndogo ya sekunde, kila unapobonyeza kitufe. Hapo ndipo ninapokitilia shaka kiboksi chako. Vingi vinavyouzwa madukani vimetengenezwa kwa ajili ya redio na mashine ya kunyolea, na wati zilizoandikwa kwenye karatasi yake mara nyingi ni za kujisifu. Kikilemewa, volti zinashuka wakati uleule koili inapohitaji nguvu, na kadiri kinavyopata moto ndivyo zinavyozidi kushuka.

Kipimo chake ni rahisi. Weka testa yenye namba (multimita) kwenye volti za AC, upime upande wa kutokea wa kiboksi, mtu mwingine acheze, wewe tazama namba. Pima asubuhi, pima tena baada ya nusu saa. Ikianza 112 halafu ikawa inadondoka hadi 100 kila flipa zinapopiga, mchawi umempata. Mimi kwa mashine hii siweki transfoma chini ya wati 1,000, na nataka yenye pini ya ethi, ile ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, inayofanya kazi kweli. Hilo la ethi usilipuuze: miguu, mlango wa sarafu na reli za pembeni zote ni chuma, na wateja wako wanazishika kwa mikono yenye jasho. Viboksi vingi vya bei ndogo vina tundu la ethi ambalo ndani halijaunganishwa na chochote.

Kuna fundi atakayekwambia achana na kiboksi, tubadilishe transfoma ya ndani ipokee 230 moja kwa moja. Inawezekana. Transfoma ya Williams ina plagi ya kupangia nyaya kwa ajili hiyo, na mchoro uko kwenye kitabu cha mashine. Lakini asiishie kwenye plagi. Fyuzi kuu nayo inabadilika, na ile varista inayolinda mashine dhidi ya umeme mkubwa imewekwa kwa volti za Marekani; ukiipelekea 230 inapasuka kama bisi. Aangalie pia taa ya bomba nyuma ya kioo cha picha, na soketi ya mafundi iliyo ndani ya kabati. Asiyezijua hizo asiiguse.

Tuje kwenye joto. Waya wa shaba ukipata moto ukinzani wake unapanda, kama asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Koili iliyopanda digrii 50 inakuwa imepoteza karibu moja ya sita ya umeme wake. Kwa hiyo kulegea kidogo baada ya kucheza sana ni kawaida kwa kila pinboli duniani. Mashine yenye afya haioni tofauti, kwa sababu ina akiba ya nguvu. Yako haina akiba, na nahisi imemalizwa na vitu viwili: kiboksi, na mkorogo wa mafuta.

Ndani ya koili kuna kibomba cha plastiki, na kile chuma kinateleza humo kikavu. Kilitengenezwa kuwa kikavu. Ukitia mafuta siku mbili za kwanza unaona raha, halafu vumbi linafika. Na vumbi la Dodoma wewe unalijua. Kuanzia Julai upepo ukianza, hata sahani iliyofunikwa unaipangusa. Vumbi na mafuta vinakuwa uji, koili ikipata moto uji unakuwa gundi, na koili inatumia nusu ya nguvu yake kupigana na gundi. Mdogo wako alikuwa na nia njema, mwambie tu mafuta ayarudishe kwenye cherehani.

Kazi ya kufanya ni hii. Zima, chomoa kwenye ukuta, toa mipira yote, inua uwanja. Fungua flipa moja tu, ya pili iache kama ilivyo ili iwe mfano wako wa kurudishia. Toa kibomba cha plastiki, utupe; kipya ni bei ndogo na hakuna sababu ya kuosha cha zamani. Kile chuma kifute kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha tazama ncha yake. Ikiwa imetanuka kama uyoga kwa kugongagonga, badilisha, na badilisha pia kile kituo cha chuma kinachogongwa mwishoni mwa koili. Hicho kituo ndicho watu wanachokisahau. Kikiliwa hata milimita mbili, flipa inasimama pasipo mahali pake na mpira unatoka bila nguvu, na wewe unabaki kulaumu umeme. Shika pia kiungo kinachobeba chuma: tundu lake likiwa limekuwa yai badala ya duara, nguvu inapotea humo kabla haijafika kwenye flipa. Vipuri hivi huuzwa kama seti moja ya kujengea flipa upya. Dodoma sijawahi kuvikuta, mimi huagiza nje.

Pembeni ya koili utaona swichi ndogo ya majani mawili. Hiyo inaiambia kompyuta kwamba flipa imefika juu, ikate waya mnene iache mwembamba ushikilie. Kwenye mashine za zamani swichi hii ilipitisha umeme mkubwa na mafundi waliisugua kwa tupa. Yako inapitisha umeme mdogo na ncha zake zina dhahabu, ukipitisha tupa umeiua. Pitisha kadi ngumu, ya mwaliko wa harusi kwa mfano, ivute mara mbili, inatosha.

Ukitaka kujaribu kabla ya kufunga usishtuke flipa zikikataa: mlango wa sarafu ukiwa wazi mashine inakata umeme wa koili zote kwa usalama. Ndivyo ilivyopangwa. Nimewahi kuona fundi anabadilisha transista nzima nzima kwa kutojua swichi hiyo, na bado akadai hela yake.

Ukiwa umeifungua hivyo, fungua na kichwa cha mashine uangalie betri. Kwenye bodi kuu kuna tatu za AA, zinatunza rekodi za alama na mipangilio. Kama ni zile alizoziacha mjomba, zitoe leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Betri ikivuja, maji yake yanakula bodi taratibu, na bodi hiyo ni kitu ghali. Ukizitoa utapoteza alama za juu, pengine zikiwemo za mjomba mwenyewe, kwa hiyo washa kwanza upige picha kwa simu. Kisha fundi akuwekee kishikilia betri cha waya, kikae nje ya bodi, chini yake.

Uwanja ufute kwa kitambaa kikavu, kamwe usitumie maji, na mpira ukiwa na vijishimo ununue mwingine. Mpira wenye vijishimo ukibeba vumbi letu unakuwa msasa unaotembea. Mashine iondoe karibu na mlango unaotazama barabara ya vumbi, kama mgahawa unaruhusu.

Kuhusu jirani: dubwi linameza hela na kukurudishia hela, au linajifanya kurudisha. Pinboli haikulipi chochote zaidi ya mchezo wa bure. Hata hivyo jirani yako hayuko peke yake. New York waliipiga marufuku pinboli 1942 wakiiita kamari, na marufuku ikakaa hadi 1976, pale mwandishi Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani na kuwatajia mpira wake utapita wapi kabla hajaupiga, ukapita. Kwako haihitaji madiwani. Ofisi ya biashara ya jiji waeleze ni mchezo usiolipa fedha, waulize wanataka kibali gani, na karatasi watakayokupa ibandike ukutani. Jirani mwite acheze mara moja.

Suala la pool siwezi kumwamulia shemeji. Ila fanyeni hivi: pima volti leo, niandikie namba mbili, ya asubuhi na ya baada ya nusu saa, pamoja na picha ya ncha ya kile chuma. Kama ni kiboksi peke yake, hata vipuri vya nje havitahitajika zaidi ya vibomba viwili vya plastiki. Flipa zikishapona, mwachie Baba Tumaini mashine jioni moja, bila kumwambia neno, mpaka mpira umfikishe kwa gorila.